Maneno ya Jukwaani Yakifika Bwenini

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye kikao cha vijana hapa Shieywe, mjini Kakamega. Waliokosa kufika waliomba niiweke kwenye uzi, nami nimeiweka karibu jinsi nilivyoisema. Nimepunguza salamu tu. Masharti ya uzi huu mnayajua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, na matusi yanafutwa. Mada ya leo ni uonevu shuleni dhidi ya wanafunzi wanaoitwa mashoga au wasagaji. Ni ndefu, kwa hivyo chukua chai kwanza.

Nianze na maswali matatu ya kuinua mikono. Wangapi hapa walisoma shule ya bweni? Naona karibu wote. Wangapi waliwahi kusikia mwanafunzi mwenzao akiitwa shoga au msagaji? Mikono bado iko juu. Wangapi walimwona mwalimu au prefekti akisimama na kusema, “Hilo neno likome hapa”? Naona mikono miwili. Sawa, shusheni.

Kati ya swali la pili na la tatu ndipo hotuba yangu ilipo. Sote tulisikia. Karibu hakuna aliyezuia.

1. Maswali mawili kwenye gunia moja

Mwanasiasa akipanda jukwaani na kusema “ushoga shuleni”, huwa ametia maswali mawili kwenye gunia moja na kulifunga kamba. Swali la kwanza: sheria na dini zinasemaje kuhusu mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima? Hilo Wakenya wanabishana, na wataendelea kubishana. Kuna waumini hapa, kuna wasioamini, kuna wenye msimamo mkali pande zote mbili. Swali la pili: mtoto wa miaka kumi na mitano akimwagiwa maji usiku, akaibiwa sare, akapigwa, kwa sababu mtu amesema “huyu ni shoga”, shule ifanye nini?

Haya si swali moja. Unaweza kuwa na jibu kali sana kwa la kwanza na bado ukakubaliana nami kwa la pili. Mchungaji anayehubiri kwamba ni dhambi na mwanaharakati anayesema ni haki wanaweza kuketi meza moja wakakubaliana kwamba mtoto hapaswi kuvunjwa mkono bwenini. Shida ni kwamba kwenye jukwaa hakuna kura za kutafuta katika swali la pili, basi linamezwa na la kwanza. Leo nataka kulitoa kwenye gunia.

2. Tunaposema uonevu tunamaanisha nini

Wanafunzi wanasema kubuli. Sisi tuliosoma bweni tunajua habari za mono, yule mgeni wa kidato cha kwanza anayefuliwa nguo za wakubwa, yaani yeye ndiye anayezifua. Tunacheka tukikumbuka. Lakini kitaaluma neno hili lina mipaka. Mtafiti Dan Olweus, aliyefanya kazi Norway na ambaye wengi humtambua kama mwanzilishi wa utafiti huu, alitaja mambo matatu: mtu anakusudia kuumiza, anarudia rudia, na ana nguvu kuliko anayeumizwa. Nguvu hiyo yaweza kuwa misuli, cheo cha uprefekti, au idadi tu: watu ishirini dhidi ya mmoja.

Kuna ukubwa wa jambo pia. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilisema karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Na ripoti za shirika hilo hilo zinasema watoto wanaoonekana kutofuata ile picha ya “mvulana kamili” au “msichana kamili” wako hatarini zaidi.

Angalia neno nililotumia: wanaoonekana. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Uonevu huu hauhitaji ushahidi wa kitu chochote. Mvulana mwenye sauti nyembamba ameshapewa jina. Anayependa kwaya kuliko mpira ameshapewa jina, na katika shule za huku Kakamega, ambako mpira karibu ni dini ya pili, hilo si jambo dogo. Anayelia akichapwa, ndiye. Huku kwetu mvulana akishapata tohara anaambiwa machozi yamekwisha, basi akilia mbele ya wenzake wanamtafutia sababu. Kwa wasichana ni marafiki wawili wanaokula pamoja, wanaosukana nywele, wanaoandikiana barua za kawaida za utoto. Mtu mmoja akikasirikiana nao, neno linatupwa, na mwisho wa wiki wako kwenye ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu wakiulizwa maswali ambayo hata watu wazima wangeona haya kuyajibu.

Neno lenyewe lina safari yake. Ukienda Mombasa au Lamu utakuta wanawake wakiitana “shoga” kwa maana ya rafiki wa karibu, bila ubaya wowote. Neno la urafiki likageuka jiwe la kutupia watu. Na jiwe likishakuwa mkononi, halichagui. Linampiga mtoto ambaye kweli anajihisi tofauti, linampiga ambaye hajihisi tofauti hata kidogo, na linampiga ambaye bado hajui chochote kuhusu mwili wake, kwa sababu ana miaka kumi na mitatu.

Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, kulikuwa na mvulana wa kidato cha pili. Mpole, mwimbaji, na kwenye hesabu alikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula. Jina lilianza kama mzaha wa dininghol. Baadaye liliandikwa kwa chokaa kwenye boksi lake. Usiku mmoja baada ya preps alikuta godoro lake nje, limelowa, na hakuna kijana hata mmoja aliyekubali alale karibu naye, kwa sababu ukimkaribisha nawe utaitwa hivyo hivyo. Alipoenda kwa mwalimu wa zamu, aliulizwa swali moja: “Kwani wewe unafanya nini hadi wakuite hivyo?” Muhula wa tatu hakurudi. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeadhibiwa, na kwenye vitabu vya shule sababu ya kuondoka kwake, nadhani, iliandikwa “uhamisho”.

Swali la yule mwalimu ndilo ninalotaka mlibebe. Mtoto aliyeumizwa ndiye aliyegeuka mshtakiwa.

3. Maneno yanavyosafiri kutoka jukwaani hadi bwenini

Wahenga walisema akumulikaye mchana, usiku atakuchoma. Tuone jinsi mwenge wa mchana unavyowashwa.

Tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha ngono “kinyume cha maumbile”. Kwa hiyo sheria ile ipo. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za watu hao. Uamuzi huo ulihusu uhuru wa kujumuika na kutobaguliwa. Haukuhalalisha ndoa za jinsia moja. Katiba ibara ya 45 bado inasema ndoa ni kati ya watu wa jinsia tofauti. Haukufuta vifungu vile. Lakini ukisikiliza majukwaa wiki zile, ungedhani mahakama imeamuru kila shule iwe na somo la ushoga.

Kuhusu shule hasa, mambo mawili. Mwishoni mwa mwaka 2021, waziri wa elimu wa wakati ule alisema hadharani kwamba wanafunzi wa aina hiyo wasikae shule za bweni, waende za kutwa karibu na kwao. Mwezi Machi 2023, waziri aliyemfuata alitangaza kamati ya makasisi ya kupambana na kile kilichoitwa kupenya kwa ushoga shuleni. Mwaka huo huo ukaja pendekezo la mswada wa kulinda familia, lenye adhabu kali, na mikutano mingi ya hadhara.

Sasa jiweke kwenye viatu vya prefekti wa bweni mwenye miaka kumi na saba. Amesikia redioni waziri mzima akisema hawa watu waondolewe mabwenini. Hajasoma uamuzi wa mahakama; nani aliyeusoma? Anachojua ni kwamba serikali iko upande wake. Akimfanyia msako mwenzake usiku, haoni kama anaonea mtu. Anaona analinda shule. Na mwalimu, hata yule mwenye huruma, anaogopa: nikimtetea huyu mtoto, bodi itasema nini? Wazazi watasema nami ni mmoja wao?

Simsemi kiongozi yeyote kwamba alitaka mtoto apigwe. Nasema neno la mtu mwenye mamlaka halibaki pale aliposimama.

4. Sheria inasema nini kuhusu mtoto

Watu wananiambia, “Lakini si ni haramu?” Twende polepole.

Sheria ya jinai inaadhibu tendo, lililothibitishwa mbele ya mahakama. Haiadhibu sauti, mwendo, kwaya, wala urafiki. Na hakuna sheria yoyote ya Kenya inayompa mwanafunzi, prefekti, matroni au mwalimu ruhusa ya kumwadhibu mtoto kwa kumshuku. Katiba ibara ya 50 inasema mtuhumiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Bweni si mahakama.

Upande wa pili, sheria zinazomlinda mtoto ni nyingi na ziko wazi. Ibara ya 28 inalinda utu wa kila mtu. Ibara ya 29 inakataza ukatili, uwe wa mtu binafsi au wa serikali. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, inamkinga na aina zote za ukatili, na inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Imeandikwa “kila mtoto”. Hakuna alama ya nyota pembeni yenye maelezo kwamba isipokuwa yule anayeimba kwaya.

Adhabu ya viboko shuleni iliondolewa mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kiakili, na anayevunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 35 hakiruhusu mtoto kufukuzwa hivi hivi: ni mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshindikana, na mpaka yeye na mzazi wake wamepewa nafasi ya kusikilizwa. Wale wasichana wanaotumwa nyumbani Ijumaa jioni na barua isiyoeleza kosa, mzazi akiambiwa tu “utajua mwenyewe”, wamesikilizwa lini?

Kwa hiyo ukija na hoja ya sheria, karibu. Lakini uje na sheria yote, usije na ukurasa mmoja.

5. Hoja mnazozisikia kila siku

Nimekusanya nne zinazorudi rudi kwenye mijadala, pamoja na zile mnazoniandikia inboksi.

Ya kwanza: “Ukizuia uonevu huu unaeneza ushoga.” Hoja hii imewahi kujaribiwa kwa vitendo. Uingereza mwaka 1988 walipitisha sheria iliyojulikana kama Kifungu cha 28, kilichokataza serikali za mitaa “kuukuza” ushoga. Hakikusema mwalimu asizuie watoto kupigwa. Lakini walimu wengi hawakuwa na hakika wanaruhusiwa kusema nini, basi wakanyamaza, na watoto wakaachwa na waliokuwa wakiwaonea. Scotland ilikifuta mwaka 2000, England na Wales mwaka 2003. Somo ni rahisi: ukimtishia mwalimu kwa neno lisilo na mipaka kama “kuukuza”, kitu cha kwanza kinachokufa ni ulinzi wa mtoto. Kumwambia mtoto “usimpige mwenzako” hakumfundishi kitu kingine zaidi ya kutompiga mwenzake.

Ya pili: “Waende shule za kutwa.” Nani hao? Tumeshasema wengi wametuhumiwa kwa sura tu. Utawapimaje? Kwa sauti? Na huyo anayetoka bwenini Jumatatu, Jumanne anafika shule ya kutwa na jina limemtangulia, kwa sababu simu zina kasi kuliko matatu. Umemwadhibu aliyeumizwa, umewaacha walioumiza na bweni lao. Wamejifunza nini? Kwamba inafanya kazi. Wiki ijayo watatafuta mwingine.

Ya tatu: “Haya ni mambo ya wazungu.” Hoja hii ina upande wake wa kuchekesha, kwa sababu vile vifungu vya Kanuni ya Adhabu tunavyovitetea kama utamaduni wetu vililetwa na Mwingereza, vikiwa na undugu wa karibu na kanuni aliyoiandikia India mwaka 1860. Lakini nisiwapeleke huko. Hebu tuseme umeshinda, ni mambo ya wazungu. Je, ni utamaduni gani wa Mwafrika unaosema mtoto wa jirani alale kwenye sakafu yenye maji? Huku kwetu mtoto ni wa kijiji kizima. Hata anayekosea anaitwa na wazee, anakalishwa, anasemeshwa. Kumgeuza mtoto kuwa mchezo wa watu ishirini usiku si desturi ya ukoo wowote ninaoujua.

Ya nne ndiyo nzito, na inasemwa na wazazi wenye hofu ya kweli: “Kuna watoto wanalawitiwa mabwenini. Mbona hamsemi?” Nasema, na nasema kwa sauti. Kumlawiti mtoto ni unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, awe mvulana au msichana, awe ametendewa na mwalimu, mfanyakazi au mwanafunzi mwenzake. Hilo halina mjadala. Linaripotiwa polisi, si kumalizwa kwa chai ofisini.

Lakini nisikilizeni hapa, tafadhali, maana hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuchagua mada hii. Chukua mvulana wa kidato cha kwanza aliyevamiwa usiku na mkubwa wake. Asubuhi anataka kusema. Atasema kwa nani? Anajua akifungua mdomo, neno la kwanza atakalopewa si “pole”, ni “shoga”. Anajua yule aliyeitwa hivyo mwaka jana alifanywa nini. Anajua mwalimu atauliza, “Kwani wewe ulifanya nini?” Basi ananyamaza. Na aliyemvamia anajua atanyamaza. Anamtegemea anyamaze. Kwa maneno mengine, aibu tuliyoijenga kwa jina la kuwalinda watoto ndiyo blanketi anayojifunika mvamizi.

Ukitaka kweli kupambana na ulawiti mabwenini, anza kwa kulifanya jambo la kusema liwe salama. Huwezi kuwa na vyote viwili: shule ambapo neno lile ni silaha ya kila siku, na shule ambapo mvulana aliyeumizwa anaweza kusema.

6. Kinachofanya kazi

Mwishoni mwa 1982 Norway ilipoteza wavulana watatu waliojiua baada ya kuonewa shuleni. Nchi ilishtuka, na mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya taifa zima. Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa mji wa Bergen, na katika miaka miwili uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Walifanya nini cha ajabu? Hakuna. Watu wazima walisimamia maeneo ambayo watoto huonewa, kila darasa likaweka kanuni chache zinazoeleweka, kila tukio likafuatwa, mwonevu na mwonewa wakazungumzwa nao kila mmoja peke yake, na wazazi wakaitwa. Walihesabu kabla, wakahesabu baada.

Marekani walijifunza kwa njia ya gharama zaidi. Kijana Jamie Nabozny wa Wisconsin alipigwa na wenzake kwa miaka akiwa shuleni. Wazazi wake walilalamika mara nyingi, na wakuu wa shule hawakumlinda. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ilisema shule inaweza kuwajibishwa, na kesi ikaisha kwa malipo ya zaidi ya dola 900,000. Sisemi tukimbilie mahakamani. Nasema shule inayojua na kukaa kimya inafanya uamuzi, na uamuzi una bei.

Hapa Kenya pia tumewahi kuona kwamba ukichunguza kwa dhati, mambo hutoka nje. Mwaka 2017 wizara ilichunguza uonevu wa jumla Alliance High School, shule ambayo taifa zima linaitazama kwa heshima, na mwalimu mkuu akaondoka kwa kustaafu mapema. Kama pale mlango ulifunguliwa, hakuna shule ya kata iliyo takatifu kiasi cha kutokaguliwa.

Sasa, sisi wa Shieywe tufanye nini? Mambo ya bei nafuu tu.

Kwa mwanafunzi: mtu akiitwa jina lile mbele yako, usicheke. Ni hilo tu kwa kuanzia. Mwonevu ni mwigizaji, watazamaji wakiondoka mchezo unaisha. Halafu keti karibu na aliyeitwa, kula naye. Ukiogopa, wawe wawili au watatu. Na kama wewe ndiwe unayeonewa, ama umevamiwa, namba 116 ni ya bure na ni ya watoto. Kosa si lako.

Kwa mwalimu: badilisha swali. Badala ya “kwani unafanya nini?” uliza “nani, wapi, saa ngapi?” Andika kwenye kitabu. Usimlazimishe mtoto kukiri wala kukana yeye ni nani. Hilo huna kazi nalo. Kazi yako ni godoro lililolowa na nani aliyelimwagia maji. Na ukaguzi wa bweni usiku usiachiwe prefekti peke yake.

Kwa mzazi: mtoto akisema hataki kurudi shule, usianze na karo uliyolipa. Anza na “nini kinakusumbua huko?” Halafu nyamaza usikilize. Ukisikia neno lile, usiongeze la kwako. Watoto wengi wanaogopa nyumbani kuliko wanavyoogopa bwenini, na mwonevu anajua hilo. Ndiyo maana huwatishia, “nitamwambia mamako.”

Kwa bodi za shule: kwenye kanuni zenu imeandikwa “uonevu ni marufuku”. Ongezeni mstari mmoja: pamoja na kumwita mwenzako majina ya kumdhalilisha kuhusu jinsia au maumbile yake. Mstari huo hauhitaji mtu abadilishe imani yake. Wekeni sanduku la malalamiko ambalo ufunguo wake hauko kwa naibu peke yake. Na kila muhula mhesabu: visa vingapi, vimefuatwa vingapi, watoto wangapi wamehama.

Kwa viongozi wa dini, na najua wapo waliotuma wawakilishi hapa, asanteni: kamati za makasisi zikienda shuleni, ziende na ujumbe mmoja zaidi. Hubirini mnavyoamini, lakini mtoto asikie kutoka madhabahuni kwamba kumpiga mwenzake si ibada. Nyinyi mkisema hivyo litasikika kuliko nikisema mimi.

7. Maswali ya kumuuliza mwanasiasa

Mwisho, maana uzi huu ni wa siasa. Kampeni zikifika, mtu atasimama pale Bukhungu au Muliro Gardens na kupiga kelele kuhusu ushoga shuleni, na umati utashangilia. Msimzomee. Muulizeni kwa adabu maswali matatu.

Moja: mtoto akipigwa bwenini kwa kudhaniwa, wewe ungetaka nani aadhibiwe, aliyepigwa au waliompiga?

Mbili: mvulana akilawitiwa, ungependa awe na ujasiri wa kusema? Kama ndiyo, maneno yako ya leo yanamsaidiaje?

Tatu: kaunti hii ina walimu wangapi wa ushauri nasaha ambao hawafundishi masomo mengine sita, na wewe utaongeza wangapi?

Atakayejibu swali la tatu kwa namba, msikilizeni, hata kama humpendi. Atakayerudi kwenye kelele, mmeshamjua.

Najua nikitoka hapa nitaitwa jina. Nimeshaliitwa, inboksi imejaa. Mimi nina miaka ishirini na mbili, naweza kuzima simu nikalala. Mtoto wa kidato cha pili hana cha kuzima. Analala chumba kimoja na wale wanaomwita.

Maswali yaje, ila mmoja mmoja.